Mtilie kambare wako gogo la kweli

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo nakuomba ufungue nyumba ambayo huenda hujapata kuifikiria: tangi la samaki lililoko sebuleni mwako, au lile linalopamba chumba cha kungojea daktari wa meno. Litazame vizuri. Kuna kokoto za buluu, ngome ya plastiki, majani ya plastiki yanayopepea, na taa inayomulika kila pembe. Kwa macho yetu ni jambo la kupendeza. Sasa inama utazame sakafu ya tangi hilo. Je, yuko kambare mdogo aliyejibanza nyuma ya bomba la mashine ya kuchuja maji, rangi imempauka na sharubu zimekatika? Huyo ndiye ninayetaka kumtetea.

Samaki wa mapambo wanaoishi chini ya maji aghalabu huuzwa kama wafanyakazi. Mwenye duka atakuambia, "Chukua na huyu, atakusafishia tangi." Mnunuzi hurudi nyumbani akiamini amepata mtumishi asiyelipwa mshahara, anayekula uchafu na kulala popote. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kambare huyu maskini hupewa jembe siku ile ile ya kwanza, tena bila kuonyeshwa pa kulala.

Ukweli ni kwamba hakuna samaki anayekula kinyesi cha wenzake akanenepa. Kambare wa mdomo wa kufyonza, ambao wataalamu huwaita Ancistrus, hukwangua mwani na utando unaoota juu ya mawe na miti. Wale wadogo wenye mabamba ya mfupa ubavuni, waitwao Corydoras, hupekua mchanga kwa sharubu zao wakitafuta vijidudu. Wote asili yao ni Amerika Kusini, katika mito na vijito vya misitu ambako matawi huanguka, majani huoza na maji huwa na rangi ya chai. Mto mmojawapo wa huko huitwa Rio Negro, yaani mto mweusi, kwa sababu ya rangi hiyo. Huko chini ya magogo ndiko samaki hawa hujificha mchana, ndiko hula, na ndiko baadhi yao hulelea watoto.

Hata hapa kwetu mambo si tofauti sana. Katika Ziwa Victoria yumo kambare ambaye Waluo humwita okoko na wavuvi wa upande wa Tanzania humwita gogogo. Ukimtoa majini hulia kwa kusugua miiba ya mapezi yake. Naye pia hupenda kushinda mafichoni na kutoka giza likiingia. Kumweka samaki wa namna hii katika kioo kitupu chenye taa juu ni sawa na kumwambia mtu alale katikati ya barabara, eti kuna nafasi ya kutosha.

Kuni bila jiko

Tangi letu la lita 120 tulilirithi kutoka kwa majirani waliohamia Mombasa. Lilikuja na ngome yake ya plastiki, kambare wawili wa kufyonza na Corydoras watano. Binti yangu, ambaye yuko Gredi ya Tano, alikabidhiwa kazi ya kuwalisha na kuwahesabu kila asubuhi. Kwa wiki ya kwanza hesabu ilikuwa ngumu kwani wale wawili wakubwa hawakuonekana kabisa. Wiki ya pili hesabu ikapungua. Corydoras mmoja alikutwa amelala ubavu, na binti yangu hakugusa uji wake asubuhi hiyo. Jioni aliniuliza, "Baba, kwani hawa wanatuogopa?" Kisha akaomba tuwapeleke kwa mtu mwingine atakayejua kuwafurahisha.

Nilikuwa nimesoma kuhusu faida za gogo la kweli. Lakini magogo yanayouzwa mjini huagizwa kutoka ng'ambo, na bei ya moja ingenunua unga wetu wa mwezi mzima na chenji ikabaki. Hapo nikakumbuka kwetu Budalang'i. Mto Nzoia ukifurika huleta miti iliyong'olewa huko juu, na maji yakipungua kina mama huokota magogo yaliyoachwa ukingoni wakayafanya kuni. Nikampigia mama simu kumwambia aniwekee kisiki kimoja kizuri.

"Mwanangu," akaniambia, "watu wa mjini mna mambo. Unataka kuni na huna jiko?"

Nilipofika alikuwa ameniwekea vitatu. Hapo ndipo nilipoona kwamba elimu ya mama juu ya miti ilipita vitabu vyangu vyote. Cha kwanza alikitupa mwenyewe baada ya kukinusa. Cha pili kilibonyea kwa ukucha. Kilikuwa kimeoza ndani. Cha tatu kilikuwa kisiki cha mpera chenye mizizi minne iliyotandaa kama vidole, na tundu pana chini yake. Kilikuwa kimekauka kwa miaka mingi, hakina ganda, hakina utomvu, hakina harufu. Mpera ni mti mgumu, ndiyo maana watu huchonga mipini kwao. Nikajua nimepata.

Tulikichemsha pale pale uani katika sufuria kubwa ya matanga. Watoto wa kijiji walikusanyika kushuhudia kuni zikipikwa kwa kuni. Mama aliwatania kwamba mchuzi ungekuwa tayari saa sita, kila mtu alete bakuli lake.

Sumu

Kabla hujakimbilia kuokota gogo lolote, msomaji wangu, nisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo samaki wengi huangamia. Mti unaweza kuua. Mababu zetu walijua hivyo muda mrefu kabla ya matangi ya vioo. Wavuvi walitwanga majani ya utupa na kuyatia majini, samaki wakalewa na kuelea. Kilichowalevya ni rotenoni, sumu inayowanyima uwezo wa kutumia oksijeni. Mnyaa nao, ule mti wa ua wenye maziwa yanayochoma macho, ni hatari vile vile.

Basi jihadhari na mti wowote unaotoa utomvu mweupe. Jihadhari na msonobari, mtarakwa na mkaratusi, kwa sababu ya mafuta na harufu yake kali. Usichukue mti mbichi hata kama ni wa aina salama, kwani utomvu wake utaoza majini. Usichukue kipande kutoka penye taka za viwanda au mashamba yanayopigwa dawa. Kama huujui mti, muulize anayeujua. Usipompata, uache ulipo.

Hatari kubwa zaidi mjini ni mbao zilizotiwa dawa. Jirani mmoja katika mtaa wetu alipendezwa na kipande cha nguzo ya ua iliyokuwa imelala nyuma ya ploti. Kilikuwa cheusi na kizee, kikionekana kama kilichotoka msituni. Alikisugua, akakitia tanginl jioni. Asubuhi samaki wake wote walikuwa wakielea, na juu ya maji kulikuwa na utando unaometameta kama upinde wa mvua. Nguzo ile ilikuwa imepakwa oili chafu ya gari ili isiliwe na mchwa, kama ifanywavyo kwingi nchini. Kuchemsha hakuwezi kuondoa mafuta ya namna hiyo.

Na wewe unayesafiri Pwani likizo, usidhani magogo ya ufuoni ni bure. Yamejaa chumvi, na huchukua majuma mengi ya kulowekwa kabla hayajafaa kwa samaki wa maji baridi. Isitoshe, katika hifadhi za bahari kama zile za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, kuokota vitu na kwenda navyo hakuruhusiwi. Mikoko nayo usiiguse kabisa. Huko nako samaki wadogo wa baharini wana makao yao.

Rangi ya chai

Kisiki changu kilipowasili Nairobi, baada ya mabishano na makanga aliyetaka kukitoza nauli ya mtu mzima, nilikitumbukiza katika pipa la plastiki kwenye roshani. Kikaelea. Gogo kavu hujaa hewa, na halizami mpaka maji yaipenye. Nilikibana kwa jiwe, nikawa nabadilisha maji kila baada ya siku tatu. Mwanzoni maji yalitoka kama chai ya rangi iliyokolea. Wiki ya tatu yakawa kama chai ya pili ya majani yale yale. Wiki ya tano kisiki kikazama chenyewe. Kuna magogo yanayochukua miezi. Haraka haraka haina baraka.

Rangi hiyo hutokana na tanini, ile ile inayoukausha ulimi unapokunywa chai kali. Haimdhuru samaki. Kwa kambare wa Amerika Kusini ni rangi ya nyumbani, tena hupunguza ukali wa taa. Tanini pia huongeza asidi kidogo majini, na hapa inafaa ujue unatumia maji gani. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo mengi hutoka kwenye bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka wa 1994, ni maji laini yasiyo na madini mengi, kwa hivyo gogo kubwa katika tangi dogo linaweza kuyabadilisha upesi. Maji ya visima vya mjini ni ya alikali, na huko gogo halitabadilisha sana ila rangi. Kwa vyovyote vile, badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya mfereji yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke kwanza.

Usije ukatumia sabuni wala dawa ya kung'arishia nguo kusafisha gogo, maana mti hunywa kila kitu na kukitapika baadaye. Maji yanayochemka na brashi ngumu vinatosha. Na usitarajie makaa ya jikoni yakuondolee rangi. Yanayofanya kazi hiyo ni makaa maalumu yanayouzwa kwa mashine za kuchuja.

Lakini rangi ile ilizua jambo nyumbani kwetu. Mama watoto ni muuguzi, na kwake maji ya kahawia ni maji ya ugonjwa. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne kisiki kikaota utando mweupe, mlaini kama kamasi, mizizini kote. Aliporudi kutoka zamu ya usiku na kuuona, hakusalimu mtu.

"Baba watoto," akasema, "sebule hii tunakula ndani yake. Nakupa wiki mbili. Baada ya hapo, mti huo na maji yake vitoke."

Binti yangu alinitazama mimi, akamtazama mama yake, kisha akatazama tangi. Alijua kwamba gogo likitoka, samaki nao watafuata.

Nakueleza wewe, msomaji, nilivyomweleza mke wangu. Utando ule ni kuvu na bakteria wanaokula sukari iliyobakia katika mti. Hutokea karibu kwa kila gogo jipya na huisha wenyewe baada ya majuma machache. Unaweza kuusugua kwa mswaki, au ukawaachia kambare na konokono waule. Maji yakitoa harufu ya yai bovu, hilo ni jambo jingine: gogo linaoza ndani na lazima litoke siku hiyo hiyo. Yakinuka kama udongo baada ya mvua, tulia.

Namna ya kuliweka

Wakati huo huo mambo yalianza kubadilika kule chini. Corydoras wanne waliobaki walitoka nyuma ya bomba na kujipanga chini ya mzizi mmoja kama watoto wa shule chini ya mwembe. Samaki hawa hupenda kuishi kundi la sita au zaidi, kwa hivyo tuliwaongeza wawili. Kila mara mmoja huchomoka hadi juu, akagugumia hewa na kurudi. Usishtuke, utumbo wao unaweza kufyonza oksijeni ya hewa. Ila wakifanya hivyo wote, mfululizo, chunguza maji yako.

Zile kokoto za buluu tulizitoa tukaweka mchanga laini, kwa sababu kokoto zenye makali hukata sharubu za samaki wanaopekua. Gogo nalo lisiwe na ncha za kuchoma wala matundu membamba ambamo kambare mwenye miiba anaweza kuingia asiweze kurudi nyuma. Liweke juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo umwage mchanga kulizunguka. Ukiliweka juu ya mchanga, wapekuzi watachimba chini yake mpaka liporomoke, na gogo zito likigonga kioo utaogelea sebuleni. Acha nafasi ya vidole vinne kati yake na kioo ili maji yapite.

Wale wawili wa kufyonza walihamia kwenye kisiki usiku wa kwanza. Ukizima taa ukanyamaza ungesikia midomo yao ikikwangua mti. Wako ndugu zao waitwao Panaque ambao hula mti wenyewe, hata watu wakadhani wanaishi kwa mbao kama mchwa. Mtafiti wa Marekani Donovan German alichapisha matokeo mwaka wa 2009 yaliyoonyesha kwamba mbao hupita upesi tumboni mwao bila kuwafaidi vya kutosha. Kwa hivyo gogo si chakula cha kutegemea. Usiku, taa zikishazimwa, wape wako kipande cha tango au jani la sukuma wiki lililochovywa katika maji moto, pamoja na vidonge vinavyozama. Mabaki yatoe asubuhi.

Baba mlinzi

Siku ya kumi na moja ya zile wiki mbili tulizopewa, kambare mmoja hakutoka kula. Ni yule dume, unayemtambua kwa vijindevu vilivyomwota puani kama mizizi. Binti yangu alichukua tochi akamulika ndani ya lile tundu la chini ya kisiki. Mle ndani kulikuwa na kishada cha mayai ya rangi ya chungwa, na dume amekaa juu yake akiyapepea kwa mapezi.

Kwa samaki hawa, jike hutaga akaenda zake, na baba ndiye hubaki. Huyapepea mayai yapate oksijeni, huyaondoa yaliyoharibika, na hutoka kula kwa nadra mno mpaka watoto waweze kujitegemea. Kazi hiyo huhitaji pango: tundu la mti au jiwe lenye giza na mlango mmoja wa kulinda. Katika ngome ya plastiki iliyo wazi pande zote asingethubutu.

Alfajiri iliyofuata mke wangu alirudi kutoka hospitalini, viatu mkononi ili asituamshe. Nilimsikia akivuta kiti. Nilipotoka chumbani nilimkuta ameketi mbele ya tangi na tochi ya binti yetu, bado amevaa sare ya kazi. Alikaa hapo karibu nusu saa.

"Huyu hajatoka hata kula?" akauliza.

"Tangu jana," nikamjibu.

"Na hapo ndipo mahali pake."

Hakusema zaidi, wala habari za wiki mbili hazikutajwa tena. Siku ya sita mayai yaliangua. Binti yangu alihesabu watoto 31 walionata mizizini, kila mmoja na kifuko chake cha kiini tumboni, na hesabu hiyo aliiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Kabla hujamwalika

Sasa msomaji mpenzi, usije ukasoma haya ukakimbilia dukani kesho. Uliza kwanza huyo kambare atakua kiasi gani. Ancistrus huishia kati ya sentimita 12 na 15, na tangi kama letu linamtosha. Lakini yuko mwingine wa kufyonza, mwenye madoa na pezi kubwa mgongoni, ambaye huuzwa akiwa na ukubwa wa kidole na baadaye akapita sentimita 30. Hakuna gogo la sebuleni litakalomficha huyo.

Akikushinda, mrudishe dukani au mpe mwenye bwawa lililofungwa. Kamwe usimwachilie mtoni. Kambare wa aina hiyo walioachiliwa wamezaana na kuwa balaa huko Florida, Mexico na Ufilipino. Sisi wenyewe tunajua mgeni wa majini anavyoweza kufanya. Mbuta aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na samaki wengi wadogo wa ziwa hilo wakatoweka. Watoto wetu wale 31, kwa mfano, tulianza kuwatafutia makao mapema, na kila aliyekuja kuomba aliulizwa swali moja na binti yangu: "Una gogo?"

Nawe jiulize hilo hilo. Kama sebule yako haiwezi kustahimili maji yenye rangi ya chai na utando wa majuma machache, hakuna ubaya. Wako samaki wanaopenda mwangaza na maji meupe, nao ni warembo vile vile. Ila ukiamua kumwalika wa chini, mtafutie mti mgumu, mkavu, unaoujua jina. Upike, uloweke, usubiri uzame. Kisha zima taa mapema kidogo, uketi kimya, na umpe muda wa kutoka mwenyewe.